Dada Kouraichia na Mkono Wangu wa Kulia

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, Soudjay, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha yake, na nitayasoma yote, hata pale yanaponiaibisha.

Kouraichia Houmadi alizaliwa tarehe 9 Mei 1956 hapa Mangarivotra, Mahajanga, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Houmadi na mama Saïda, akasoma chuo cha Kurani na shule za mji huu hadi 1976, na kuanzia 1978 hadi 1981 alisomea Marseille tiba ya kumrudisha mgonjwa kwenye kazi zake za kila siku, kuvaa, kuoga, kupika na kula.

Alianza kazi Nosy Be mwaka 1981, akaolewa na Bwana Athoumani tarehe 3 Februari 1984, wakajaliwa Zaharia na Anli, na tangu 1989 akasimamia wanafunzi wa fani yake waliokuja kwa mafunzo ya vitendo kutoka Antananarivo, Reunion na Norwei. Wa kwanza kati yao alimtilia mzee mmoja aliyepooza mkono wa kulia kijiko katika mkono wa kushoto, na mzee, aliyelelewa akijua kwamba mkono huo hauli, akafumba mdomo siku mbili. Dada hakumkemea mwanafunzi, alimleta nyumbani ale nasi kwenye sinia moja mwezi mzima, akamkalisha kando yake, mahali pangu, na tangu hapo kila mwaka mahali hapo pakawa pa mgeni, nami, mpishi wa hoteli ya Ambatoloaka, huko huko Nosy Be, niliyekula kwake kila Ijumaa, nikawa nawahesabia matonge.

Mwaka 2001 alirudi Mahajanga, na nilipopooza upande wa kulia, tarehe 17 Agosti 2008, nilimfuata, nikitumaini kwamba safari hii atakuwa wangu peke yangu, lakini alinikabidhi kwa binti mmoja, mwanafunzi wake kutoka Norwei. Nikamuuliza, "Dada, hata ugonjwa wangu umewagawia?" Akacheka, akasema, "Mdogo wangu, mimi nitakulisha tu, yeye atakufundisha kula." Miezi mitatu sikumsemesha.

Aliugua figo tangu 2017, akafariki Alhamisi, tarehe 13 Juni 2019. Jana Zaharia alinipa daftari la kazi la mama yake, ambamo tarehe 2 Desemba 2008 aliandika: "Leo Soudjay amefikisha tonge mdomoni kwa mkono wa kulia. Nilikuwa nyuma ya mlango. Aliyemshika mkono ni yule binti, na nimemwonea wivu."

Tunawashukuru madaktari, majirani wa Mangarivotra, wafanyakazi wenzake, na wanafunzi wake walio hapa, ambao leo, baada ya dua, nawaomba wakae kando yangu kwenye sinia.

Karatasi hii, dada, nimeishika kwa mkono wa kulia. Pumzika kwa amani, hukunigawa.