Desmond Oldroyd, Aliyesimama Nje ya Lango

Leo, Ijumaa tarehe 1 Machi 2019, tunamzika Desmond Arthur Oldroyd, na dada yake Hilary, anayewasomea haya, anamzika kwa hasira. Kasisi aliomba maneno yapunguzwe makali. Mjane, Glenys, aliyasoma jikoni kwake akasema yasiguswe hata nukta.

Desmond alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 hapa Todmorden, mtoto wa kwanza wa Walter Oldroyd, fundi wa mitambo ya kufuma pamba, na mkewe Edna. Mkunga aliitwa siku ya Jumapili. Mtoto akaja Jumanne, alipotaka mwenyewe. Alipokuwa na miaka minane alikwama kichwa kwenye nguzo za ngazi ya kanisa hilihili. Hilary alitaka kukimbia kumwita baba, akazuiwa. “Usimwite. Natoka mwenyewe.” Alitoka, na kovu la sikio ameondoka nalo.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani, kisha shule ya ufundi huko Halifax, akamaliza mwaka 1964 na alama nzuri za hesabu na uchoraji. Angepata nzuri zaidi kama angekubali kumuuliza mwalimu asichokijua. Mwaka huohuo aliajiriwa kuchora ramani za mabomba ya maji, kazi aliyoipenda mpaka alipostaafu mwaka 2008.

Tarehe 14 Septemba 1974 alifunga ndoa na Glenys Whitworth, wakajaliwa binti mmoja, Rowena. Krismasi ya 1984 Glenys alimnunulia kompyuta, na hajaacha kujilaumu. Ilikaa kwenye meza ya jikoni, ikaunganishwa na televisheni, na michezo yake ilitoka kwenye kaseti zilizolia kama paka aliyekanyagwa mkia. Michezo yenyewe haikuwa na picha. Skrini ilikwambia kwa maneno kwamba uko pangoni, kuna taa na kuna joka, nawe ukaandika unachotaka kufanya. Desmond aliipenda kuliko chakula. Alichora ramani za mapango yasiyokuwepo kwa kalamu zilezile za mabomba, na chai ikapoa pembeni yake.

Jina lake likawa maarufu. Namba yake ya simu ilichapishwa kwenye jarida la wachezaji, na kila jioni waliokwama walimpigia kutoka Cornwall kusini hadi Aberdeen kaskazini. Mama mmoja alilalamika kwamba joka limemla tena.

“Ulilipelekea nini, mama?”

“Upanga.”

“Nani kakwambia linataka vita? Nenda kalifikirie joka lililolala njaa.”

Hakuwahi kumpa mtu jibu zima. Huo ndio mwiko wa wachezaji hawa: unamdokezea mwenzako, humharibii. Na kwa nafsi yake alikuwa mkali zaidi, kwani hakupokea hata dokezo. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini kwa Desmond kuuliza kulikuwa aibu.

Kuna michezo ambayo vyumba vyake vyote vinafanana, na mchezaji huangusha kitu katika kila chumba ili ajue alikwishapita. Agosti 1988 yeye na Glenys walipotea kwenye ukungu juu ya milima yetu. Walikutana na mchunga kondoo, na Glenys akataka kumuuliza njia. Desmond akakataa. Akauchukua mkoba wa mkewe, akawa anaangusha kitu kila njia panda: kitana, rangi ya mdomo, miwani. Walifika nyumbani salama, wakakaa kizingitini na baridi yao, kwa kuwa funguo alikuwa amezitupa njia panda ya mwisho.

Tulicheka, na Hilary alicheka kuliko wote. Anajuta kicheko kile.

Mwaka 1986 Desmond alifika kwenye lango la chuma katika mchezo mmoja, akashindwa kuingia. Rafiki yake Clifford Sugden aliumaliza mchezo huo mwaka uliofuata. Desmond alimwonya kwamba siku atakayomwambia jibu, asikanyage tena kwake. Clifford akanyamaza, na urafiki ukadumu.

Aprili 2018 Desmond alianza kukohoa damu. Clifford aliiona kwenye leso. Desmond akamwambia asimwambie Glenys, kwamba hili nalo atalifumbua mwenyewe. Clifford akanyamaza tena, mpaka Novemba, Desmond alipoanguka bafuni. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Daktari alisema, kwa upole, kwamba angekuja mapema kungekuwa na la kufanya.

Hilary alimkuta Clifford kwenye korido ya hospitali.

“Dada Hilary, mwenyewe alinikataza.”

“Alikukataza lango. Kifua nacho ni mchezo?”

 Clifford hajasamehewa. Leo atabeba jeneza, pembe ya mbele, kwa sababu Desmond hakuwa na rafiki mwingine wa karibu kama yeye, na kwa sababu uzito huo unamhusu.

Mwezi uliopita, kwa mara ya kwanza maishani mwake, kaka yake Hilary aliomba msaada. Alitaka Clifford aitwe amwambie habari za lile lango. Hilary akamuuliza anataka dokezo au jibu.

“Jibu. Lote.”

Clifford alisimama kando ya kitanda, kofia mkononi. “Bisha tu, Des. Kuna bawabu ndani. Ukibisha anafungua.”

Desmond alikuwa amejaribu funguo, shoka, kamba na baruti. Aliomba daktari aitwe, akamuuliza yote aliyokataa kuyasikia. Daktari alikaa akamjibu moja baada ya jingine. Alikuwa daktari mwema, na sisi tulikuwa tumechelewa. Desmond alifariki Jumapili tarehe 17 Februari 2019, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Glenys.

Ameacha mjane Glenys, binti Rowena, mjukuu Callum, dada Hilary, rafiki Clifford, na watu wengi waliowahi kumpigia simu, ambao hatuzijui sura zao. Hao wote walijua kuuliza.

Mungu ampe pumziko lenye amani. Na wewe kaka, ukifika kwenye lango lile jingine, usianze kutafuta kamba. Bisha hodi.