Auleria na Kikombe cha Maji

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Mtoni, familia inaomba mtulie kidogo tuwasimulie habari za mpendwa wetu Auleria Kokuberwa, aliyezaliwa Kanyigo, Bukoba, tarehe 4 Machi 1921, mtoto wa pili wa mzee Revelian, ambaye tangu aanze kusema hakuwahi kupewa jibu moja asidai la pili.

Alisoma shule ya misheni, na Januari 1938 akaanza mafunzo ya uuguzi ya miaka mitatu, baba yake akimwonya kwamba akifukuzwa asahau kutoka tena, mchumba yupo tayari. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa usafi, kutandika vitanda na kujifunza mwili wa binadamu, wa pili wa dawa na vidonda wodini, wa tatu wa upasuaji na uzazi, naye Auleria akataka kujua kwa nini kitanda kitangulie dawa. Majibu hayakumtosha, basi siku moja akajifunga mkono wa kulia kwa bendeji, akapanda kitanda cha darasani, jambo lililokatazwa kabisa, akajaribu kuugua. Sista Margareta, mkuu wa mafunzo, alimkuta humo, ameshindwa kulifungua fundo lake mwenyewe, akamwamuru afungashe.

Auleria, huku akilia, alieleza kwamba alishikwa na kiu, na kikombe kilikuwa upande wa mkono uliofungwa. Sista alivua viatu, akalala yeye kitandani humo. Tangu wiki hiyo kila mwanafunzi alilazwa kwanza, ndipo akafundishwa kutandika.

Alihitimu Desemba 1940, akaja kufanya kazi Dar es Salaam, akafunga ndoa tarehe 12 Oktoba 1944 na Bwana Romani Albano, mchonga vinyago kutoka Newala, wakajaliwa Filomena na Fransis, na miaka yote hiyo aliwafundisha wauguzi wapya kwa mtindo uleule wa kulazwa.

Mei mwaka huu wa 1956 alipooza upande wa kulia, na sauti ikapotea, jambo lililotuuma mno, maana Auleria asiyeweza kuuliza hatukumzoea. Tarehe 8 Juni, wodini, muuguzi mwanafunzi, binti Avelina, bila kuambiwa na mtu, alikihamishia kikombe chake cha maji kushoto, marehemu akakifikia, akanywa, akacheka kwa nusu ya uso. Alifariki kesho yake, tarehe 9 Juni.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi wenzake, na nyinyi majirani mliopika na kukesha nasi.

Pumzika kwa amani, Auleria, kikombe kipo upande wako.