Shangazi Anahama na Mtaro Umeshakuwa Safi

Kijiwe chetu ni benchi moja refu, mguu mmoja umeegeshwa kwa tofali, katikati ya kibanda changu cha kushona viatu na ukuta wa saluni. Mbele yake kuna mtaro. Zamani mtaro huo ulikuwa umezibwa na vikombe vya plastiki vya kahawa, vile vyepesi vya kunywea mara moja na kutupa, na mvua ikinyesha kidogo tu maji yanapanda mpaka kwenye viatu vya wateja wangu. Siku hizi unaiona sakafu yake. Sisi ndio tuliouokoa, na hata usipotuuliza tutakusimulia.

Sifa za kwanza ni za Semina, karani mstaafu. Jina hilo alilipata siku alipohudhuria semina ya mazingira na kurudi mtu mwingine kabisa. Alivipiga marufuku vikombe vya plastiki, akaamuru kila mtu alete kikombe chake kutoka nyumbani, na kwa ajili ya wapita njia akazunguka mtaa mzima kuomba vikombe vya ziada. Msumari, seremala, akatupigilia ukutani ubao wa kuvitundika. Breki, aliyeendesha malori mpaka mgongo ukakataa, akaleta kikombe kikubwa kuliko vyote, akasema mazingira hayataki ubahili. Basi tukawa watu wa mazingira. Mtu akipita na mfuko wa plastiki tunamtazama mpaka aone aibu, ingawa mkate wetu sisi wenyewe tunaubeba humo humo.

Anayetuuzia kahawa tunamwita Shangazi, wala hakuna hata mmoja wetu aliye ndugu yake. Asubuhi hiyo alitua birika lake juu ya jiko la mkaa, akatumiminia wote, akasema leo ndio mwisho. Kesho anahamia stendi. Tulipomuuliza kwa nini, akasema amechoka. Kisha akachukua ndoo, akavuka barabara kwenda kwenye bomba la kituo cha mafuta.

Sababu hiyo tuliikataa kwa kauli moja. Mtu hawezi kuchoka kumimina kahawa. Na kwa kweli niliumia, kwa sababu nusu ya wateja wangu huja kunywa kahawa, halafu wakishakaa ndipo wanapogundua kwamba soli zao zimekwisha. Shangazi akiondoka, benchi linabaki ubao, na mimi nabaki na gundi yangu.

Kulikuwa na mgeni mmoja siku hiyo, dada muuguzi aliyetoka zamu ya usiku na kisigino cha kiatu mkononi. Nilimkalisha kwenye kigoda, mguu mmoja una kiatu, mwingine umekanyaga boksi, nikampaka gundi kisigino chake na kumwambia asubiri ikauke. Nikammiminia kahawa kwenye kikombe kimoja cha ziada, akakishika kwa mikono miwili.

Breki ndiye aliyeanza.

— Kuna mwanamume.

— Wapi? — nikamuuliza.

— Hapo hapo kituo cha mafuta. Nyie hamuoni? Kila saa Shangazi yuko ng'ambo. Anarudi, hajakaa vizuri, ameshavuka tena. Bomba gani hilo lisilokwisha utamu?

Msumari alitikisa kichwa, akasema mwanamke wa umri wa Shangazi hana muda wa mambo hayo. Breki akamwambia asubiri, ushahidi anao. Siku moja Shangazi alimpa kikombe na mikono yake ilikuwa inanukia sabuni. Siku ya pili vile vile. Mwanamke anayenawa mikono kwa sabuni kutwa nzima, alisema Breki, anajiandaa kushikwa mkono na mtu.

Hoja hiyo ilituingia. Hata mimi nilikumbuka kwamba kanga yake siku hizi huwa imelowa upande mmoja, nikalisema hilo, na Breki akanipigia saluti kama shahidi wa upande wake.

— Hapana — alisema Msumari. — Mimi naona kanunuliwa.

— Na nani?

— Ule mgahawa wa vioo kule juu. Wameona kijiwe chetu kinasifika, wanataka kukiua. Zamani Shangazi akishamimina alikuwa anakaa hapa na sisi, anatupa habari za mtaa mzima, tunacheka mpaka saluni wanatoka kutuchungulia. Siku hizi hata hakai. Anatupa mgongo, ameinama kule pembeni, kimya. Mtu akianza kukupa mgongo ujue kashapokea kitu kidogo.

Semina alikuwa anasubiri zamu yake. Alikohoa kidogo, kama anavyofanya akitaka tukumbuke kwamba aliwahi kuwa na ofisi.

— Ndugu zangu, nyie mnafikiri kimtaa mtaa. Hili jambo ni kubwa. Viwanda vya vikombe vya plastiki vimepata hasara tangu sisi tuanze. Mnadhani wamelala?

— Kwa sababu ya benchi moja? — aliuliza Msumari.

— Moto huanzia wapi? Juzi kulikuwa na bwana mmoja amevaa tai, kasimama pale kwenye nguzo, anautazama ubao wetu wa vikombe. Alisimama sana.

— Yule alikuwa anamsubiri mkewe atoke saluni — nikamwambia. — Niliwaona wakiondoka pamoja.

— Umeona — alisema Semina kwa upole. — Mpaka mke wanamtafutia.

Hapo mazungumzo yakakosa breki. Semina akatueleza kwamba huko juu kuna vyombo vinavyopiga picha dunia nzima mchana na usiku, na kwamba mtaro wetu, kwa jinsi ulivyo safi, lazima unang'aa kuliko mitaro mingine. Wametumulika, wameulizana, wametuma mtu. Na hawakuja kwetu sisi kwa sababu sisi tuna msimamo. Wamempitia Shangazi, mtu mnyonge, wakamwambia ahamie stendi, kule ambako kahawa bado inanywewa kwenye plastiki na hakuna anayejali. Msumari, ambaye dakika chache kabla alikuwa na mgahawa wa vioo, aliuacha pale pale akahamia viwandani. Akasema hata yeye amekuwa akishangaa kwa nini ubao wake umepungua misumari. Breki akakubali kuna viwanda, lakini akashikilia kwamba mwanamume wa kituo cha mafuta ndiye wakala wao.

Tukaanza kupanga namna ya kumwokoa. Semina akapendekeza tumpe cheti, kiandikwe kwa mkono mzuri, kimtangaze kuwa balozi wa mazingira wa kijiwe. Mtu akishakuwa balozi, alisema, hawezi kurudi kwenye plastiki bila kujidhalilisha. Msumari akaahidi fremu. Mimi nikaambiwa nitoe kipande cha ngozi cha kutengenezea kamba ya kuninginiza, nikatoa, tena kile kizuri nilichokuwa nimekiweka kwa ajili ya mkanda wangu. Breki, ambaye hakuwa na cha kutoa, aliahidi kupiga makofi.

Yule muuguzi alikuwa amemaliza kahawa yake. Alikigeuza kikombe, akakitazama ndani, akatafuta mahali pa kukiweka asipaone.

— Samahani kaka zangu — alisema. — Mimi mgeni hapa. Huyo shangazi yenu mnayemzungumzia, sasa hivi yuko wapi?

— Si tumesema. Amevuka kuchota maji — alijibu Breki.

— Ya kahawa?

— Ya kahawa wapi. Kahawa anakuja nayo imeiva kutoka kwake. Hapa ni kuipasha tu.

— Sasa hayo maji ni ya nini?

Breki alichungulia ndani ya kikombe chake kikubwa. Msumari aliutazama ubao wake ukutani, na mimi nikautazama pia. Vikombe vyote vya ziada, isipokuwa kile cha muuguzi, vilikuwa vimetundikwa pale, vyeupe, vinameremeta, hakuna hata kimoja chenye alama ya kahawa ya jana. Nilijaribu kukumbuka ni lini nilikitundika changu mwenyewe. Sikukumbuka. Kila siku nakiacha benchini kina machicha, na kila asubuhi nakikuta msumarini.

— Hiyo ni hoja nzuri — alisema Semina. — Tuiweke kwenye ajenda.

Hakuna aliyemuunga mkono.

Shangazi alikuwa amefika katikati ya barabara. Gari moja lilimpigia honi, akasimama, maji yakamwagikia upande ule ule wa kanga, akaendelea kuvuka. Alitembea ameegemea upande wa pili ili ndoo isimvute. Akatua ndoo pembeni ya mtaro, akashika kiuno, akapumua. Kisha akalitikisa birika, akasikiliza, akalitoa kwenye jiko.

— Kahawa imeisha — alisema. — Nipeni vikombe nioshe, niondoke mapema.

Alinyoosha mkono. Muuguzi akampa shikamoo, lakini kikombe hakumpa. Aliinuka na kiatu chake kimoja, akachuchumaa kwenye ndoo, akaanza kukisuuza mwenyewe. Shangazi alimtazama kama mtu anayeona jambo geni, halafu akatutazama sisi.

Tulikuwa wanaume wanne wenye mikono mizima, watetezi wa mazingira, kila mmoja amekumbatia kikombe chake kifuani. Na bado tulitazamana kuona nani atakuwa wa kwanza kuinuka.