Mzee Bado na Gari la Kijani la Abu Turki

Baada ya miaka minane ya kazi Saudia, miwili nyuma ya usukani kule Riyadh na sita katika gereji yetu hapa Jeddah, Mzee Elphas Mudanya anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 29 Juni 2018. Ovaroli ameshaifua na kuikunja mwenyewe, na brashi zake amezifunga kwa gazeti kama mtu anayesafiri na mayai. Niliambiwa niandike ukurasa wa kuchekesha kwa ajili ya chakula chetu cha kumuaga. Nitajitahidi, ila nisilaumiwe nikiteleza.

Mzee Elphas alizaliwa Malava, na kabla ya kuvuka bahari alikuwa fundi wa bodi na rangi kwenye jua kali ya Kakamega. Wimbi la ajira lilipopamba moto, ajenti akamwandika dereva wa familia, naye akajikuta mtaa wa Al-Naseem, Riyadh, kwa mzee aitwaye Abu Turki, akipeleka wajukuu shule na madam, mama yao, sokoni. Siku moja mlango wa gari la nyumbani ulikwaruzwa. Kabla hajaulizwa, alikuwa ameshaunyoosha na kuupaka rangi, na hakuna aliyeweza kuonyesha palipoumia. Turki, mtoto wa mzee huyo na bosi wetu wa gereji, akasema mtu huyu anapotea bure kwenye foleni za shule. Karatasi zikahamishwa, Elphas akashuka Jeddah.

Hapa gereji alituchosha vizuri. Hakubali pati nene, ule uji mzito wa kuzibia palipobonyea. Kwake pati ni uongo uliopigwa msasa. Akinyoosha bati huimba nyimbo za kanisani kwa pua, taratibu, na ukimsikia amenyamaza ujue kuna mtu amekosea. Ukimuuliza kazi imeisha, jibu lake ni moja: "Bado." Mafundi wa Yemen waliokuwa hawajui neno jingine la Kiswahili walilijua hilo, wakambatiza Mzee Bado. Hata mkewe, Jerusha, alilijua. Kila mwaka alimpigia simu kumuuliza kama anarudi, na sisi tuliolala naye chumba kimoja mtaa wa Ghulail tulisikia jibu kabla halijatoka.

Lakini kazi atakayokumbukwa nayo ni ile hotrodi. Kwa wasiojua, hotrodi ni gari la miaka ya thelathini ambalo vijana wa Marekani walilivua madoido, wakalikata paa likawa fupi, wakaliacha injini kubwa nje kifua wazi, ili likimbie. Abu Turki alilinunua ujanani kutoka kwa Mmarekani mmoja wa kampuni ya mafuta aliyekuwa akirudi kwao. Miaka ya themanini fundi mmoja, ambaye jina lake wacha lipotee, alilipaka zambarau ya kumetameta, akalivika matairi mapana na viti vya manyoya. Elphas alilikuta kwenye ua wa Al-Naseem chini ya turubai, alipokuwa bado dereva. Mwaka 2014 likapakiwa kwenye satha, lile lori la kubebea magari, likaletwa Jeddah na agizo moja la mzee: "Nirudishieni kama lilivyokuwa."

Hapo ndipo Elphas alipokuwa kijana tena. Manyoya yakang'olewa siku ya kwanza, tukayachoma kwa furaha. Alitafuta matairi membamba yenye duara jeupe mpaka tukadhani anatafuta mke wa pili. Rangi ya asili aliipata nyuma ya dashibodi, ambako mtu wa zambarau hakufika: kijani kilichokolea mpaka kinakaribia weusi. Upande wa nyuma, kushoto, alikuta pati nene kama mkate. Alipoibandua, chini yake bati lilikuwa limebonyea, shimo la kutosha kiganja. Fundi wa bodi hapiti karibu na bati lililobonyea akalisalimia tu. Elphas aliligonga kutoka ndani kwa subira, akiimba, mpaka likawa laini. Sote tulilipapasa tukampigia makofi.

Rangi ilipopigwa mara ya kwanza, mwishoni mwa 2015, gari lilikuwa tayari kwa macho ya mtu yeyote isipokuwa yeye. Tulituma picha za ubavu na uso Riyadh. Abu Turki akajibu kwa sauti kwenye simu, na sote tulimsikia: "Halas, ya Elphas. Zuri. Lilete."

"Bado, baba," akasema Elphas.

Rangi ile ilikuwa ya kisasa, yenye klia juu, ule utando angavu wa kung'arisha, inang'aa kama sahani. Magari ya enzi ile, alisema, hayakung'aa hivyo. Yaling'arishwa kwa mkono, kwa upole. Akaikwangua yote. Akatafuta rangi ya kizamani, akaanza upya, safu juu ya safu, na kila safu akaisugua kwa mkono. Sukari ilikuwa imeshaanza kumla Abu Turki macho, nasi tulijua. Keziah, dada yetu anayefanya kazi kwenye nyumba ile ya Riyadh, alipiga simu siku moja akatuambia: "Wazee, fanyeni haraka. Siku hizi baba akiangalia picha ya hiyo gari, simu karibu iguse pua."

Elphas aliitikia vizuri. Kesho yake akaona wimbi dogo kwenye mlango wa kulia, ambalo sisi wengine hatujaliona mpaka leo, akarudia mlango.

Gari lilikamilika Januari mwaka huu. Niseme wazi: sijaona kitu kizuri kama kile, na sidhani nitaona. Abu Turki alikuja kwa ndege akiwa ameshikwa mkono na Turki. Alikuwa haoni tena, hata mwanga wa mlangoni. Elphas alisimama na kitambaa chake mkononi, akakosa pa kukiweka.

Mzee akaomba apelekwe kwenye gari. Akaanza kwenye taa, akapita ubavu wa kushoto polepole kwa kiganja, mpaka nyuma. Akasimama. Akarudi kidogo, akaja tena. "Pako wapi?" akauliza. "Pale pangu pako wapi? Turki, hili ni gari langu?"

Ndipo mzee mwenyewe alipotuambia. Siku alipolileta gari nyumbani mara ya kwanza, alilirudisha nyuma kwa mbwembwe ili bibi arusi wake alione, akagonga ukuta wa kisima. Mama Turki alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo mzee alikataa pasinyooshwe, na mtu wa zambarau alipopaziba kwa pati, mzee alinuna naye maisha. Mama Turki alifariki miaka mingi iliyopita. "Kama lilivyokuwa," kwa mzee, ilikuwa ni hapo tu. Na huku Saudia mwanamume hasimulii habari za mkewe mbele ya mafundi, kwa hiyo alipoagiza kazi hakupataja, akiamini pati ikitoka patarudi penyewe.

Elphas alichukua nyundo ya mpira, akamwomba Turki amshike baba yake mkono, mzee aweke kidole mahali penyewe. Kidole kikawekwa, kikaondolewa. Elphas akapiga. Mtu huyu ambaye hajawahi kuumiza bati la mteja alipiga mara ya pili, na ile rangi ya kusuguliwa kwa mkono ikapasuka kama ganda la yai. Abu Turki akaingiza kiganja, kikaenea.

"Aiwa," akasema. "Ni hapa." Kisha akauliza, "Na rangi, ya Elphas?"

"Kijani, baba. Kile kile."

"Basi nimeiona kwako."

Mzee akaketi kiti cha abiria, Turki akamzungusha mtaa wa magereji, injini ikinguruma, na kila karakana ikatoka nje kutazama. Elphas hakutoka. Tulimkuta nyuma ya kompresa akilia. "Yale macho yalikuwa yananingoja mimi," alituambia. Tulimpa chai, hatukuwa na kingine cha kumpa. Hajapaka tena gari lingine tangu hapo, na mwezi uliofuata aliomba karatasi za kurudi nyumbani.

Mzee Elphas, umetufundisha kwamba kazi nzuri haina njia ya mkato, na tunakushukuru kwa hilo kwa moyo wote. La pili umetufundisha bila kutaka, na tunasikitika kwamba wewe ndiye uliyelipia. Mungu akupe afya, mvua ya kutosha Malava, na jioni ndefu kwenye kiti chako mwenyewe. Jerusha anaona vizuri, asante Mungu. Akikuita mezani, Mzee wetu, tafadhali usimjibu bado.

Timothy, wa stoo, kwa niaba ya wenzako wote wa gereji