Bi Mabel Puddy na Njia ya Mierebi

Marehemu Mabel Rose Puddy alizaliwa tarehe 3 Machi 1931 kijijini Sallowmoor, Somerset, mtoto wa nne wa mzee Albert Meaker na mkewe Edith. Mkunga aliletwa kwa mtumbwi, kwani bonde letu huzama kila majira ya baridi, na mwaka ule maji yalikuwa yamefika kizingitini.

Alisoma shule ya kijiji hadi alipotimiza miaka kumi na minne. Mwalimu aliandika, "Ana akili, ila haambiliki." Mama yake akaitundika ripoti hiyo jikoni kwa fahari.

Mwaka 1945 alianza kukata fito za mierebi, miti ya kando ya maji, na kusuka vikapu, kazi iliyolisha nusu ya nyumba za hapa. Tarehe 12 Juni 1954 aliolewa na Wilfred Puddy, mkamuaji ng'ombe, mtu mpole kupita kiasi. Waliwezanaje? Mungu ndiye ajuaye.

Mwaka 1986 Bwana Gervase Thring alirithi shamba la baba yake akatia kufuli njia yetu iliyopita humo kwenda kwenye mierebi. Njia nyingine hatukuwa nayo. Bila ile, vikapu basi. Tukashtaki, na mkaguzi wa serikali akaja kutusikiliza ukumbini. Sheria ilikuwa hivi: aliyepita miaka ishirini bila kuomba ruhusa ana haki, aliyepita kwa hisani ya mwenye shamba hana lake.

"Uliomba ruhusa?" mkaguzi alimuuliza mzee Cyril, mwoka mikate.

"Jamani, bwana, sisi watu wa adabu. Kila mwaka nilimpelekea marehemu baba yake Bwana Thring chupa ya pombe ya matufaha, nikamwambia, kwa hisani yako."

Mashahidi kumi na mmoja walijibu hivyohivyo. Adabu yetu ilikuwa inatuchimbia kaburi, nasi tumekaa tunaitazama.

Akasimama Bi Mabel. "Ruhusa ya nini? Njia ni njia. Miaka arobaini na moja nimepita pale na mzigo, wanawake kumi na sita nyuma yangu, na niliwakataza wasimwombe mtu."

"Hata mara moja?"

"Salamu nilitoa. Ruhusa, hata huyu Wilfred sijawahi kumwomba. Muulize."

Wilfred aliitikia kwa kichwa. Ukumbi ulivunjika mbavu, mkaguzi naye akaficha uso kwa makaratasi. Tarehe 14 Oktoba 1987 njia ilitangazwa kuwa ya watu wote, daima. Tulishinda! Kengele za kanisa zililia saa nzima.

Wilfred alitangulia mwaka 2003. Mwaka 2017 moyo wa Bi Mabel ulianza kuchoka. Daktari alimkataza kutembea, akatembea. Alifariki tarehe 9 Februari 2019, saa nne asubuhi, chai yake akiwa ameimaliza.

Ameacha watoto wawili, Douglas na Maureen, wajukuu watano, mdogo wake Ethel, na sisi wapwa wake tuliomwogopa na kumpenda.

Leo jeneza litapita njia ileile. Jana Bwana Thring, mzee sasa, alibisha hodi kofia mkononi, akaomba awe mmoja wa wabebaji. Tumemruhusu.

Lala salama, Bi Mabel. Umeshinda.