Bora Mke wa Ndizi

Mheshimiwa Meneja wa ghala letu la saruji, shemeji yetu mpendwa, mke wa mstaafu, ndugu wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu, na wewe mwenyewe Mzee Haonekani, popote ulipo humu ukumbini: hamjambo?

Wageni mnacheka, lakini jina hilo lina kisa chake. Ndugu yetu huyu alivaa ovaroli ya kijivu, akasimama mbele ya mifuko ya kijivu, juu ya sakafu ya kijivu, na vumbi likammalizia nywele. Msimamizi akapita, akatazama, akaandika onyo: "Haonekani kazini." Akalibandika kwenye nguzo. Nguzo ikasema, "Nimelipokea, bosi."

Mimi dereva wa foklifti, lile gari la kuinulia mizigo, nilicheka mpaka siku niliporudi nyuma na mzigo, nikasikia mtu anapiga chafya. Nikafunga breki. Chafya ndiyo iliyomwokoa, si macho yangu, na macho yangu ni mazima kabisa! Kumbe jicho halishiki kitu kwa sababu tu kipo. Linashika kile kinachotofautiana na kilicho nyuma yake.

Shemeji aliposikia, akamshonea shati jekundu. Mlangoni, penye jua, mzee aliwaka kama pilipili. Kule nyuma, kwenye taa hafifu, wekundu ukafifia ukawa weusi, na akaponea chupuchupu mara ya pili. Je, ndugu zangu, rangi inayolala taa zikififia inamlinda nani?

Ndipo ikaja fulana ya njano, ile ing'aayo. Mwenyewe akagoma: "Nitafanana na ndizi mbivu!" Shemeji akamjibu pale pale getini, sote tukisikia: "Bora niwe mke wa ndizi kuliko mjane wa saruji." Akaivaa papo hapo.

Leo anastaafu, na amekuja na suti ya kijivu, kaketi mbele ya pazia la kijivu. Sikio la kufa! Kuanzia kesho utatembea barabarani jioni, ndugu yangu, na madereva wa huko hawaijui chafya yako. Nakupenda, na ninaogopa. Kwa hiyo zawadi yetu ni koti la njano. Mheshimiwa Meneja, tafadhali mvishe.

Hapana, Mheshimiwa, hilo ni pazia.

Naam, huyo! Shemeji, futa machozi. Ndizi yako hiyo, nzima.

Asanteni kwa kunisikiliza, na asanteni zaidi kwa kumwona.