Kutafuta Vita na Wapare

Nyuma ya stendi ya Songea, mahali upepo wa milima ya Matogoro unapopita bila kubisha hodi, kuna gogo la mninga ambalo mwenyewe alilileta ili lipasuliwe mbao, akafa kabla msumeno haujafika. Warithi waligombana, gogo likabaki, na wanaume wasiokuwa na haraka wakalikalia mpaka likang'aa kuliko meza ya paroko. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Sabuni zilikuwa zimerudi madukani, mitumba ilishuka kwa marobota, vyama vya siasa viliota kila kona, na mbolea ilipanda bei mpaka watu wakaanza kuisalimia kwa heshima. Kijiweni hapo ruksa ilikuwepo tangu zamani. Mtu alisema alitakalo, mradi anywe kahawa ya Alfani.

Asubuhi hiyo ya Juni, Thadei fundi viatu aliwahi kuliko wote, na hakufungua hata sanduku lake la sindano na gundi. Wenzake walimwita Kaburi. Jina hilo alilipata msibani. Babu wa Wangoni na babu wa Wahehe walichinjana mpaka wakachoka, na wajukuu wakarithi haki ya kutukanana bila kununiana, na uwanja mkubwa wa haki hiyo ni matanga. Katika mji mzima hakuna mtani aliyemfikia Thadei. Mwaka mmoja aliingia kwenye kaburi la Mhehe akalala chali, akakataa kutoka mpaka wafiwa wakampa beberu. Wajane walicheka siku ile. Kazi hiyo aliipenda kuliko viatu, na kusema kweli aliifanya vizuri zaidi.

— Vipi Kaburi, wamekufukua? aliuliza Gaspari, akijisogeza kwenye gogo.

Gaspari walimwita Redio, kwa kuwa hakuna aliyejua swichi yake ya kuzimia iko wapi. Baada yake akafika Kassian, maarufu kama Padri Nusu. Aliwahi kusoma seminari, akaishia njiani, akatoka na Kilatini kidogo na majivuno mengi. Alfani Myao, aliyetoka Namasakata na birika lake la shaba, aliwamiminia wote bila kuulizwa.

— Nimeharibu, alisema Thadei. Mnamkumbuka yule mzee mwenye koti refu, kwenye mazishi ya Kajetani kule Mshangano?

— Yule Mhehe uliyembwekea? Gaspari alianza kucheka upya. Siku ile ulituua, bwana. Ulipiga magoti, ukaiga kilio chake chote, halafu ukasema mwacheni Mhehe alie, mbwa wake wa supu ndiye anazikwa.

— Si Mhehe.

— Si alimwitikia mama mmoja kamwene, salamu ya Kihehe? Nilisikia kwa masikio yangu.

— Alikaa Iringa miaka mingi kikazi kabla ya kuhamia hapa, ndiyo maana anaitikia kamwene. Ni Mpare.

— Mpare wa wapi?

— Wa Upare, Gaspari. Kuna Mpare wa Mbinga?

— Basi umemkosea Mpare mmoja. Wako wengi.

— Huyo mmoja anaitwa mzee Saimon. Ndiye baba yake Dennis.

Hapo hata Alfani aliweka birika chini. Dennis walimjua wote. Ni mwalimu kijana ambaye mwaka mzima amekuwa akileta viatu vizima vishonwe, ili apate sababu ya kusimama karibu na Odilia, binti wa Thadei. Posa ilikuwa ije Jumapili. Mama Odilia, Skolastika, alichinja jogoo wawili, akaazima viti kwa jirani, akamlazimisha mumewe kuvaa soksi. Walikaa mpaka jua likazama. Aliyetokea mwishoni ni Dennis peke yake, akasimama mlangoni, akasema baba yake hawezi kwenda kuomba mke kwa mtu aliyembwekea akiwa kwenye machozi. Tangu siku hiyo Odilia humwekea baba yake chakula mezani na kuondoka bila neno. Thadei, ambaye angeweza kuzungumza na nguzo ya umeme, alikuwa akila ugali wa kimya.

— Sasa mnisaidie, alisema. Kama Wangoni na Wapare ni watani, basi mimi sikumtukana. Nilimpa haki yake tu. Itabidi acheke, na posa ije.

— Utani unatoka kwenye vita, alisema Padri Nusu.

— Najua. Kwa hiyo nataka vita.

— Hilo dogo, alisema Gaspari. Sisi Wangoni tulimpiga nani ambaye hatukumpiga? Tulitoka kule kusini kwa miguu, tukavuka Zambezi, tukafika Ufipa, hapo tukagawana. Wengine tukaja huku, wengine wakapanda mpaka Ziwa Viktoria. Hiyo iko hata vitabuni. Sasa hao wa juu, walipofika ziwani wakaona maji yamezidi. Wakakata kulia.

— Kulia kuna nini?

— Si kuna Upare. Wakawakuta Wapare wamekaa mlimani na ng'ombe wao, wakawanyang'anya. Hapo ndipo utani ulipozaliwa.

— Kutoka ziwani mpaka Upare ni mbali, alisema Thadei, ingawa moyo wake ulishaanza kufuata njia hiyo.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Gaspari. Mguu huu, mguu ule.

— Na hao ng'ombe wako wapi?

— Wameliwa. Wewe ulitaka wakusubiri?

Padri Nusu alitikisa kichwa kwa huzuni ya mtu msomi.

— Gaspari, unamdanganya mwenzako. Vita ipo, lakini si ya ng'ombe. Baba zetu walikwenda Tanga, manamba, kukata mkonge. Mngoni gani hapa hana mjomba aliyepotelea kwenye mkonge? Sasa, reli ya Tanga inapita wapi? Inapita chini ya milima ya Wapare. Jumamosi moja Wangoni wamepokea posho, wamepanda mlima kutafuta kinywaji, wakakuta chungu cha dengelua, pombe ya miwa. Chungu kimoja. Watu wangapi? Wengi. Kilichofuata ni damu.

— Chungu kimoja kikaleta vita?

— Dunia imepata vita kwa mambo madogo kuliko hayo. Na hao walipigana siku tatu, mpaka mabepari wa mkonge wakaja kuwaamua.

— Na mbona hakuna aliyewahi kusimulia?

— Mficha uchi hazai, alisema Padri Nusu, akinywa kahawa kama aliyemaliza misa.

Thadei aliigeuza methali hiyo kichwani, hakuona inakaa upande gani, lakini vita ya chungu aliipenda. Alijiona amekaa mbele ya mzee Saimon akimwambia, mzee wangu, wewe na mimi ni watu wa chungu kimoja. Ilikuwa na sura ya kumchekesha mtu. Ila palikuwa na tatizo.

— Nani alishinda?

— Sisi, alisema Gaspari haraka.

— Kama tulishinda, mbona hatuna hata shamba moja la tangawizi kule Upare?

— Tulishinda tukaondoka. Muungwana hakai kwenye nyumba aliyoibomoa.

— Nyie Wangoni, alisema Alfani, vita vyenu vyote mmeshinda kwa sababu mnavisimulia wenyewe. Sisi Wayao tuliwaona mkikimbia, lakini Mwenyezi Mungu ametupa stara, hatusemi.

— Wewe nyamaza, mmeza senene.

— Mla panya huyo ananiambia ninyamaze. Haya, nisikilizeni, kwa sababu vita ya kweli naijua mimi. Bibi yangu alinihadithia, Allah amrehemu. Mwaona ile Matogoro?

Wote waligeuka. Matogoro ilikuwa imejifunika ukungu mpaka mabegani, haioneshi kama ina habari yoyote ya kutoa.

— Zamani milima hiyo ilikuwa na mdogo wao. Mlima mzuri, wenye maji na ndizi. Sasa Wangoni walipofika hapa walianza kuwinda panya usiku na mchana. Wakafukua, wakafukua, mpaka yule mdogo akashindwa kulala. Usiku mmoja akanyanyuka, akabeba mito yake, akaondoka. Akatembea mpaka kaskazini. Wapare wakamwona anapita amechoka, wakamwambia, karibu, keti hapa. Akaketi. Asubuhi Wangoni wakaamka, mlima hakuna. Wakafuata nyayo.

— Nyayo za mlima, alisema Padri Nusu.

— Maziwa yote haya madogo madogo njiani unadhani ni nini? Wakafika Upare, wakasema rudisheni mlima wetu. Wapare wakasema, shauri lipelekwe barazani. Mpaka leo halijaamuliwa.

Gaspari alipiga gogo kwa kiganja. Hata Padri Nusu, ambaye kwa cheo chake hakupaswa kuamini milima inayotembea, alisema kwamba jambo hilo kitheolojia haliwezekani, ila kiutani limekaa sawa. Thadei aliomba lirudiwe. Akaanza kulipanga: aanze na chungu, amalizie na mlima, au atangulize mlima kwanza mzee alainike? Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili aliona njaa.

— Ukimwambia hilo la mlima, alisema Gaspari, mdai na ndizi.

— Shikamooni, wazee.

Aliyewasalimu alikuwa mama wa makamo, mgeni, ametua furushi la mitumba alilolishusha kwenye basi. Alisema anaitwa Zena, anatoka Makambako, anamngoja mtu wa mkokoteni, na je, kahawa ni ruksa kwa wanawake.

— Marahaba mama, kila kitu ruksa, alisema Alfani, akimpisha.

Alikunywa taratibu, na wao, kwa kuwa wamepata msikilizaji mpya, wakamsimulia upya kila kitu: kamwene, kilio, kubweka, jogoo wawili waliochinjwa bure, ng'ombe, chungu, mlima. Zena alicheka palipochekesha. Walipofika mwisho akafuta mdomo kwa ncha ya khanga.

— Na huyo marehemu alikuwa nani wake?

— Nani wa nani? aliuliza Gaspari.

— Wa huyo mzee. Mpare, mgeni wa huku, analia hivyo kwenye kaburi la mtu wa Mshangano. Walikuwa nani na nani?

Gaspari alifungua mdomo. Wenzake walisubiri, kwa mazoea, lakini hakikutoka kitu. Walimzika Kajetani wote wanne, wakala ugali wake, wakarudi mjini wakicheka, na hakuna aliyewahi kuuliza. Alfani aliinamisha birika kumwongezea mgeni, yakatoka mashapo tupu.

Thadei alikuwa akikumbuka. Kilio kile kilikuwa na maneno, na yeye aliyajua, kwa sababu aliyarudia moja moja kwa sauti ya kuchekesha mbele ya watu wote. *Umeniacha na nani mji huu.* Mara mbili mzee aliyasema, na mara mbili Thadei aliyaiga, ya pili akavuta kamasi. Aliona haya mpaka masikio yakawaka katika baridi ile. Akasimama.

— Unakwenda wapi? aliuliza Gaspari. Hatujakubaliana nani alishinda.

— Kwa mzee Saimon.

— Ngoja basi tupange vizuri. Ukifika, utamwambia tulipigana wapi?

Thadei alikuwa ameshavuka mtaro. Aligeuka nusu.

— Nitamwambia hatujawahi kupigana.